Simba wa Sarakasi Waachwe Ndani ya Uzio

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Wanyama waliookolewa kwenye sarakasi, kwa nini wasiachiwe porini?" Jibu langu ni kwamba kuwaachia ni kuwaua. Chukueni mfano wa simba 33 waliopelekwa Afrika Kusini mwishoni mwa Aprili 2016.

Peru ilipiga marufuku wanyamapori kwenye sarakasi mwaka 2011, Kolombia ikafuata 2013. Shirika la kutetea wanyama, Animal Defenders International, lilishirikiana na serikali hizo kuwatoa wanyama, kisha likakodi ndege ya mizigo. Simba 9 walipakiwa Bogotá, Kolombia, na 24 Lima, Peru, wakashushwa Johannesburg na kusafirishwa kwa malori hadi kituo cha kutunzia simba cha Emoya, mkoani Limpopo. Wengi walishangilia kwamba wamerudi nyumbani. Kwa ukoo, sawa. Lakini maisha waliyoyajua ni ya kizimba juu ya lori.

Wengi wao walikuwa wameng'olewa kucha, na kucha za simba huondolewa pamoja na kifupa cha mwisho cha kidole, kwa hiyo hazioti tena. Kuna waliovunjwa meno. Simba aitwaye Ricardo alikuwa na jicho moja, mwenzake Joseph alikuwa karibu kipofu. Simba huua kwa kuling'ang'ania koo la windo lake; asiye na chonge atalishika koo la nyati kwa kitu gani? Isitoshe, aliyelishwa na mtu maisha yake yote hamwogopi mtu. Njaa ikimbana atakwenda bomani kwa watu, na jamaa zetu wanaoishi kando ya mbuga wanajua yanayofuata: mikuki, au sumu kwenye mzoga.

Basi kuzoea kwao hufanyika ndani ya uzio, tena polepole. Huanzia eneo dogo, wakiwa na wenzao waliozoeana. Simba wa maeneo jirani hufahamiana kupitia waya, wakinusana na kungurumiana, kabla lango halijafunguliwa. Wapo wanyama wa sarakasi wanaosita kukanyaga nyasi. Wapo wanaoendelea kwenda na kurudi hatua zilezile za kizimbani, ilhali eneo zima liko wazi mbele yao. Hao hawaharakishwi. Huwekewa kivuli, magogo ya kujisugulia na mipira mikubwa. Wala hapana mtu anayeingia na mjeledi kuwaamuru. Kwangu mimi hilo linapita hata ukubwa wa eneo: simba anaamua mwenyewe alale saa ngapi, akae na nani, na ajifiche asionekane.

Uzio nao si kinga kamili. Mwaka 2017 majangili waliingia Emoya wakawawekea sumu José na Liso, wawili kati ya wale 33, kisha wakawakata viungo. Habari ile inaniuma hadi leo. Sasa fikirini simba kama hao wangekuwa porini bila mlinzi yeyote.

Nawaomba wasomaji wenzangu jambo moja. Afrika Kusini ina mashamba mengi yanayozalisha simba kwa biashara, na baadhi hujiita makimbilio ya wanyama. Kabla hujatoa mchango au kununua tiketi, uliza kama wanazalisha watoto wa simba, na kama wageni huruhusiwa kuwapakata na kupiga nao picha. Jibu likiwa ndiyo, fedha yako irudi mfukoni.