Nyumba mpya kwenye kiwanja cha zamani: kagua chini kwanza

Katika mitaa ya zamani ya Mbeya, kama Forest ya Zamani, Sokomatola au Majengo, kiwanja kitupu hakipatikani kirahisi. Kwa hiyo nyumba ya miaka mitano anayokuonyesha dalali, mara nyingi, imesimama palipobomolewa nyumba ya wazee, au kwenye uwanja wa nyuma uliomegwa. Vigae vinang'aa, dari ya jipsamu imejaa taa. Hayo fundi yeyote anayabadilisha. Yanayogharimu yako chini ya sakafu na kwenye makaratasi.

Anza na ardhi. Mji umelala miguuni pa mlima Loleza, viwanja vingi vina mteremko, na mafundi hutafuta usawa kwa kukata upande wa juu na kumwaga kifusi upande wa chini. Nusu ya nyumba inakalia udongo mgumu, nusu kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kikimwagiwa maji, kitaendelea kushuka watu wakiwa wameshahamia. Nyufa nyembamba za plasta zisikutishe. Ogopa ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kimshazari, unaomeza ukingo wa sarafu, na unaoonekana ndani na nje palepale.

Nenda na mpira wa maji wa kupimia usawa, ule unaoonyesha maji ndani. Mmoja ashike ncha kwenye dirisha la upande wa juu, mwingine la upande wa chini. Madirisha ya mbele na nyuma kwa kawaida hujengwa usawa mmoja. Maji yakitulia, pima kutoka usawa wake hadi ukingo wa chini wa kila dirisha. Tofauti ya sentimita moja ni mkono wa fundi. Ya nne au tano, msingi umeshuka.

Kisha ulizia kwa majirani wa siku nyingi choo cha shimo cha nyumba ya zamani kilikuwa wapi. Wauzaji hawapendi swali hili. Choo kilikaa nyuma ya nyumba, hapohapo panapojengwa siku hizi, na shimo lililofukiwa kwa takataka hubonyea. Gonga vigae kwa mpini wa bisibisi. Kimoja kimoja kikilia kama debe, ni uzembe wa kubandika. Eneo zima likilia na sakafu imebonyea, achana nayo.

Ukuta wa nyuma ulioegemea udongo uliokatwa hunyonya maji kuanzia Novemba hadi Aprili. Rangi mpya iliyoishia futi tatu kutoka chini inajieleza yenyewe. Fungua kabati la ukuta huo unuse. Dawa ni mtaro wa nyuma wenye kina kinachopita usawa wa sakafu, kwa hiyo angalia kama nafasi ya kuuchimba ipo.

Majitaka: fungua mifuniko, vuta maji vyooni vyote kwa pamoja, uone yanakoelekea. Hakikisha karo, yaani shimo la majitaka, liko ndani ya mipaka yako na gari la kunyonya linalifikia. Vichochoro vya mitaa hii havikupangwa kwa malori.

Makaratasi sasa. Kiwanja kikiwa kimemegwa, hati inaweza kuwa bado ni ya kiwanja chote, kwa jina la marehemu. Barua ya ofisi ya mtaa haigawi hati. Dai upimaji mpya na hati ya kipande chako, uone bikoni, zile alama za mipaka, kwa macho, ufanye upekuzi wewe mwenyewe kwa Msajili wa Hati badala ya kupokea nakala ya dalali. Anayeuza kwa niaba ya warithi aonyeshe uteuzi wa mahakama wa usimamizi wa mirathi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na mke asiyeshirikishwa anaweza kuweka zuio.

Kabla ya kulipa, nunua umeme kidogo kwenye mita ya nyumba hiyo. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na nyumba iliyokaa tupu miezi mingi inaweza kumeza hela yako bila kutoa uniti hata moja. Risiti ikionyesha deni, likatwe kwenye bei.