Mashine ya kueditia: shuka Kariakoo na futeji yako mkononi

Wadogo zangu mnaoanza kuediti, naandika hii kwa sababu ndani ya wiki mbili nimepigiwa simu na vijana watatu na swali ni lile lile, kaka nimejichanga nina hela ya desktopu ninunue ipi. Na mi nikimuuliza unashuti na kamera gani na unarekodi kwa fomati gani, kimya. Sasa hapo ndo kwa kuanzia. Ukilijua jibu la hilo swali nusu ya mashine umeshaichagua kabla hujapanda daladala.

Ntawaambia kilichonikuta. Mi naediti harusi, sendofu na video za kwaya hapa Dar. Nilivyotoka kwenye laptopu nikanunua tawa kubwa ya mtumba iliyotokea Dubai, ina Xeon mbili ndani (prosesa za Intel za seva na mashine za kazi nzito), RAM 64GB, muuzaji ananiambia hii ina thredi 24, yaani inashika kazi 24 kwa mpigo. Na kweli zilikua 24, hakunidanganya kabisa. Zilikua E5-2620 v3 mbili, kila moja ina kori 6, na kila kori inahesabika thredi mbili. Nilichokua sikijui ni kwamba zile kori zina spidi ya kawaida GHz 2.4 na zikijitahidi sana 3.2. Chukulia jiko la shughuli lina wapishi 12 ila wote wanakata vitunguu polepole, sasa kama kuna kitunguu kimoja tu cha kukata hao 11 wanakaa wanamwangalia mwenzao. Ukiwa unakata na kusogeza klipu kwenye taimulaini ya Premiere hali ndo hiyo mara nyingi, kazi inamsubiri mpishi mmoja au wawili, kwahiyo spidi ya mpishi mmoja mmoja ni muhimu kuliko idadi yao.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniumiza ni harusi ya kwanza tuliyokodi kamera mpya, tukarekodi 4K kwa H.265 (namna ya kubana video), rangi 4:2:2 bit 10 (inabeba taarifa nyingi zaidi za rangi), kwa sababu tulisikia ndo kwaliti. Nikaweka taimulaini, nikabonyeza pley, sauti inaenda picha imeganda. Familia inataka video ndani ya wiki. Nililala ofisini siku tatu natengeneza proksi (nakala nyepesi za kueditia) za klipu zaidi ya mia nne na mashine yenye thredi 24 inapumua kama imepanda mlima. Mashine yenyewe haikua mbovu, ilikua mashine ya kazi nyingine na mi ndo sikuuliza.

Sasa elewa kwanini, maana hapa ndo wengi wanapotezea hela. Video inayotoka kwenye kamera imebanwa, na ili uione lazima ifunguliwe, fremu moja baada ya nyingine. Kazi ya kufungua inaweza kufanywa na prosesa kwa mabavu, au ikafanywa na kipande maalumu cha chipu kilichotengenezwa kwa hiyo kazi tu, na hicho kipande kinafanya kwa urahisi ambao mabavu hayafikii. Kwa Intel kinaitwa Quick Sync na kinakaa kwenye grafiki iliyo ndani ya prosesa. Xeon za E5 hazina grafiki ndani, kwahiyo na Quick Sync hazina. Kadi za grafiki za NVIDIA zina kipande chao, kizuri tu, H.264 ya kawaida (iliyoitangulia H.265) kinafungua bila shida na kadi nyingi za miaka ya karibuni zinafungua hata H.265 ya bit 10, ila ile 4:2:2 hazikua zinaifungua mpaka zilipokuja kadi za RTX 50 mwaka 2025. Kwa upande wa Intel desktopu zinafungua H.265 ya 4:2:2 bit 10 kuanzia kizazi cha 11 (kizazi unakisoma kwenye namba za mwanzo baada ya i5 au i7, i7-8700 ni cha 8, i7-12700 ni cha 12). Kwahiyo unaweza ukawa na kadi ya hela nyingi ya RTX 3080 na bado jirani yako mwenye i5 ya kizazi cha 12 bila kadi yoyote akapitisha futeji ambayo kwako inaganda. Nimeona kwa macho yangu.

Kwahiyo nenda kwenye menyu ya kamera yako leo hii uangalie. Kama unarekodi 4:2:0 bit 8, yenye taarifa chache zaidi za rangi, ambayo ndo kamera nyingi za mwanzo na simu zinatoa, huna haja ya kujiumiza, mashine ya i7-8700 inakutosha vizuri sana. Hiyo ina kori 6 zinazofika GHz 4.6 na Quick Sync ndani. Kwenye tawa za mtumba utaikuta kwenye Dell Precision 3630 na HP Z2 G4, mashine za 2018 hizo, zimejengwa vizuri, kesi inafunguka bila bisibisi. Kama unarekodi 4:2:2 ya H.265 na hutaki proksi, tafuta kizazi cha 11 kwenda juu, mfano Precision 3660 au Z2 G9 ambazo zinaanzia kizazi cha 12. Na angalia sana herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa, ikiwa na F kama i7-12700F maana yake grafiki ya ndani haipo, na Quick Sync imeondoka nayo. Herufi moja tu, na hakuna muuzaji atakayekuambia.

Sijasema Xeon ni mbaya jamani. HP Z440 au Dell Precision 5810 yenye E5-1650 v3 (kori 6, GHz 3.5 mpaka 3.8) ni mashine nzuri kwa mtu wa Blender, ile programu ya 3D, kwa sababu kule kazi kubwa inabebwa na kadi ya grafiki na zile tawa zina nafasi na umeme wa kutosha kuibeba, alafu RAM zake za mtumba ni rahisi. Kijana anayefanya 3D simkatazi. Kitu kimoja tu akijue, hizo prosesa hazipo kwenye orodha ya Windows 11, Microsoft kwa Intel wanaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida imeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wanalazimisha kuweka Windows 11 na inawaka, ila kwenye mashine ya kukulipia kodi mi sishauri.

Na programu unayotumia nayo ina tabia yake. DaVinci Resolve inaegemea sana kadi ya grafiki, kwa 4K tafuta yenye memori yake 8GB, chini ya hapo utakutana na ujumbe wa memori ya GPU imejaa katikati ya kugredi (kurekebisha rangi). After Effects inakula RAM, 32GB ndo pa kuanzia na ukiwa na 64 utashukuru. Photoshop na Lightroom wanataka spidi ya kori na SSD, kadi ya kawaida tu inatosha, kwahiyo mpiga picha asikubali kuuziwa kadi ya bei mbaya, hiyo hela aiweke kwenye monita nzuri.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Mac mini. Ya M4 iliyotoka Novemba 2024 inaanzia RAM 16GB, ndogo kama kopo la chakula, inafungua hizo 4:2:2 za H.265 bila kelele na inakula umeme kidogo sana. Kwa mtu wa video tupu ni chaguo la maana. Ila RAM haiongezwi baadae, unayonunua ndo hiyo mpaka mwisho, na ile diski ya 256GB harusi mbili tu imejaa, kwahiyo kwenye bajeti yako weka na SSD ya nje.

Turudi kwenye tawa za mtumba, pawa saplai. Hizi mashine za makampuni makubwa pawa saplai na madabodi zake zina umbo na plagi za kwao wenyewe. Ikiungua huendi duka lolote ukachukua ya kawaida ukafunga, lazima upate ya modeli ile ile. Alafu modeli moja inaweza kuja na pawa tofauti, Precision 3630 moja ina wati 300 nyingine 460, kwa nje zinafanana kama mapacha. Rafiki yangu kanunua ya wati 300 alafu akaleta kadi inayotaka waya wa pini 8, waya haupo, kadi ikakaa kabatini miezi minne. Fungua kesi, soma stika ya pawa saplai, hesabu na waya za kadi zilizopo. Na zile desktopu nyembamba za ofisini usinunue kwa sababu tu prosesa yake ni i7, mle kadi inayoingia ni ile fupi peke yake.

RAM nayo ina mtego. Z440, 5810 na ndugu zao zinatumia RAM za seva, zile za ECC zinazoitwa rejista, ni rahisi mtaani kwa sababu zinatolewa kwenye seva za zamani. Ukiziona bei nzuri ukazinunua kwa ajili ya mashine ya i7, mashine haitowaka kabisa, japo zinaingia kwenye sloti vizuri tu na zote zimeandikwa DDR4. Chomoa moja iliyopo, ipige picha, nenda nayo.

Kadi zinazokuja na hizi tawa mara nyingi ni Quadro za NVIDIA za zamani, jina linatisha ila K620 yenye 2GB ni ya kuonyeshea ekseli. Na ukinunua kadi ya kuongeza, kuna feki nyingi, kadi ya miaka ya 2010 imebadilishwa programu ya ndani inajitambulisha kama GTX 1050 Ti, hata Windows inaamini. GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ni ya bure, tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua na itakuandikia FAKE mbele ya jina. Weka kwenye flashi utembee nayo.

Umeme. Hapa kwetu mashine inakufa kwa umeme kabla haijazeeka. UPS ya 650VA haimaanishi wati 650, mara nyingi ni kama 360 hivi, na tawa yenye kadi ya maana ikiwa inarenda inazidi hapo, UPS inalia kidogo alafu kimya na eksipoti yako imeenda. Soma wati, sio VA. UPS ni ya kukupa dakika tano za kusevu na kuzima, usitegemee kueditia. Na vumbi, mashine ya mtumba ukifika nayo nyumbani ifungue, ipulize, ubadilishe na pesti ya prosesa, maana ile iliyopo imeshakauka kama saruji na joto letu hili halina huruma, mashine ikipata moto inajipunguzia spidi yenyewe na wewe utadhani ni programu.

Sasa siku ya kwenda dukani. Chukua SSD ya nje, weka klipu tano za kamera yako mwenyewe, sio za kudaunilodi, weka na projekti yako moja ya kweli, na programu za kukagulia, CPU-Z ya prosesa, GPU-Z, na CrystalDiskInfo ya diski. Ukifika msalimie mwenye duka vizuri mwambie mapema, kaka mi nanunua ila naomba nusu saa ya kuijaribu. Anza na BIOS (ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka), hakikisha haina paswedi, maana hizi mashine zimetoka maofisini na nyingine zimefungwa, na kwenye mashine za kampuni hiyo paswedi haitoki kwa kuchomoa betri. Kama ni Dell chukua Sevisi Tagi iliyobandikwa kwenye kesi, iandike kwenye tovuti ya sapoti yao, itakuonyesha ilitoka kiwandani lini na ikiwa na vitu gani ndani, ulinganishe na unachoambiwa. CrystalDiskInfo itakuambia diski imewaka masaa mangapi. Diski iliyofika masaa elfu arobaini mi siwekei harusi ya mtu.

Alafu weka klipu zako kwenye taimulaini, pley, huku umefungua Task Manager (ile ya Windows inayoonyesha prosesa na kadi zinavyotumika). Kama programu yako haipo kwenye ile mashine basi hata VLC itakupa picha, japo sio yote. Angalia kama picha inateleza na sehemu ya GPU iliyoandikwa Video Decode inapanda, ikipanda hiyo na prosesa imetulia basi kile kipande nilichokisema kipo na kinafanya kazi. Ikibaki sifuri na prosesa inagonga 100, unaangalia zile siku tatu zangu za kulala ofisini. Anzisha na eksipoti ya dakika kumi, weka mkono nyuma ya kesi usikilize joto na sauti ya feni.

Muuzaji akikukatalia kuchomeka SSD yako, mshukuru, nenda duka la pili. Kariakoo hayaishi.