Maswali na Majibu: Tatoo Mpya Hadi Ipone

Maswali mengi ya safari hii yanahusu siku za mwanzo baada ya kuchorwa tatoo. Kabla ya kuyajibu, naomba tukubaliane jambo moja: mchoro huo, hata uwe mzuri kiasi gani, kwa sasa ni kidonda. Sindano imetoboa ngozi mara maelfu na kuacha wino katika tabaka la ndani, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, na mwili unalazimika kupaponya kama unavyoponya jeraha lolote.

Nilichorwa jana mkononi. Leo nimeamka nikakuta shuka limegandia kwenye mchoro na lina madoa ya wino. Je, tatoo inafutika?

Haifutiki. Majimaji yanayotoka katika siku 2 au 3 za kwanza huondoka na wino uliobaki juujuu, ilhali ule uliokusudiwa kudumu umo chini zaidi. Usilibandue shuka kwa nguvu. Lilowanishe kwa maji ya uvuguvugu hadi liachie lenyewe. Kisha nawa mikono vizuri, uoshe mchoro kwa kiganja na sabuni isiyo na manukato, bila dodoki wala kitambaa, na uukaushe kwa kuugusagusa na karatasi laini iliyo safi. Kuosha mara 2 au 3 kwa siku kunatosha.

Rafiki yangu ananiambia nipake mafuta mengi ili pasikauke. Ni kweli?

Rafiki yako anakutakia mema, lakini mafuta mengi yana madhara. Kidonda kilichofunikwa kwa tabaka nene hulainika kupita kiasi, kama vidole vilivyokaa majini muda mrefu, na vigaga huachia kabla ya wakati. Paka kiasi cha kuipa ngozi mng'ao hafifu tu, na uchague mafuta yasiyo na manukato. Spiriti na haidrojeni peroksaidi usitumie kabisa, kwani huunguza ngozi changa inayoanza kuota, na dawa za antibiotiki za kupaka zisubiri ushauri wa daktari.

Ni siku ya sita. Panawasha mno, na ngozi inabanduka vipande vyenye rangi. Nimeogopa.

Ninaelewa hofu yako, kwa sababu kuona kipande chembamba chenye rangi ya mchoro wako kikidondoka kwenye kiganja kunashtua. Hata hivyo, hiyo ni ngozi ya juu iliyokufa, nayo huondoka na wino ulionasa humo. Wino wa kudumu umeshikwa na seli za tabaka la chini, ambalo halibanduki hivyo.

Hatari iko kwenye kucha zako. Kigaga ambacho bado kimeshika kikichunwa, huweza kutoka na wino wa ndani na kuacha doa jeupe au kovu, na hapo itabidi mchoro urudiwe. Kwa hiyo usikune; piga taratibu kwa kiganja safi, au weka juu yake kitambaa safi kilicholowanishwa maji baridi. Wengi hujikuna usingizini bila kujua, kwa hiyo kata kucha mapema. Baada ya kubanduka, mchoro utaonekana umefifia kana kwamba umefunikwa na ukungu, kisha utang'aa polepole. Juu hupona kwa wiki 2 hadi 4, lakini ndani huweza kuchukua miezi kadhaa.

Naweza kuogelea baharini?

Hapana, si kabla ngozi haijafunga kabisa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mtu mwenye ugonjwa wa ini aliyeogelea katika Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchorwa, akapata maambukizi ya bakteria wa maji ya chumvi na hatimaye akafariki. Kuoga kwa maji yanayotiririka hakuna tatizo.

Na jua?

Funika kwa nguo pana. Krimu ya kukinga jua hupakwa baada ya kupona.

Nitajuaje kwamba vijidudu vimeingia?

Wekundu na maumivu ya siku za mwanzo ni ya kawaida, mradi yanapungua kila siku. Yakizidi baada ya siku ya tatu, wekundu ukisambaa, pakawa pa moto, usaha ukatoka, ukapata homa au mistari myekundu inayopanda kutoka kwenye mchoro, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa na shaka, chora kwa kalamu mpaka wa wekundu na uandike saa. Wekundu ukivuka mstari huo, umepata jibu. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asisubiri hata dalili ya pili. Vipele vinavyovimba kwenye rangi moja tu, mara nyingi nyekundu, huweza kuwa mzio wa wino, nao huweza kujitokeza hata baada ya miaka. Hapo pia muone daktari wa ngozi, na ukiweza umpelekee jina la wino uliotumika.