Maswali ya wasomaji: Bibi ana msamaha wa matibabu, kaya imo TASAF, na bado anaanguka

SWALI: Bibi yetu ana miaka 76, anaishi peke yake kijijini, Iringa. Dawa za presha na sukari anapata zahanati, zikiisha tunamnunulia dukani. Ana kitambulisho cha msamaha wa matibabu na kaya yake imo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mwezi huu ameanguka mara mbili, zote alfajiri. Tuanzie wapi? – Mjukuu

JIBU: Anzeni na dawa. Zitoeni zote, msome maandishi madogo chini ya jina la kibiashara. Wakati mwingine pakiti mbili zenye majina tofauti zote zimeandikwa amlodipine, dawa ya presha, na mzee anameza dozi maradufu. Angalieni pia kama ipo glibenclamide, dawa ya kisukari. Hiyo hushusha sukari kwa saa nyingi. Mzee aliyelala na njaa huamka anatetemeka, jasho linamtoka, kichwa kinazunguka. Kama anaweza kumeza, mkorogeeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ale, kisha apelekwe kituoni siku hiyohiyo, maana sukari inaweza kushuka tena. Dozi msiibadilishe wenyewe.

Zahanati mwombeni apimwe presha akiwa amelala, halafu dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mganga azipitie dawa zake upya.

Tatizo kubwa liko hapa: mganga anajua vidonge, hajui kwamba jana bibi hakula. Mtendaji wa kijiji anajua njaa ya nyumba ile, lakini hajui vidonge. Wa kuwaunganisha ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nendeni kwake na daftari moja lenye dawa na dozi, milo ya siku saba, saa alizoanguka, na namba ya simu ya jirani wa karibu. Mwombeni amwandikie mganga kuhusu chakula, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apangiwe kumtembelea bibi. Ahadi ya mdomo haitoshi. Ombeni tarehe, iandikwe humo daftarini.

Kuhusu kitambulisho cha msamaha, wengi hukwama hospitali ya mkoa kwa kwenda bila barua ya rufaa, au kwa sababu jina halilingani na la kitambulisho cha taifa (NIDA). Lihakikisheni jina sasa, kabla hajaugua tena.