Muuguzi akiharibu kazi, muulize kabla ya kumgomba

Asubuhi moja wakati wa kupokezana zamu katika wodi ya wazazi, hapa Pemba, nilishika patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ya mama aliyejifungua alfajiri. Mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa kila nusu saa. Kwenye chati ile yalikuwa 140, 140, 140, mstari mzima, wino ule ule. Yamejazwa kwa mkupuo kulipokucha. Mama na mtoto walikuwa salama, alhamdulillahi, lakini nilimgomba dada muuguzi wa zamu ile ya usiku mbele ya wenzake.

Kazi yake ikazidi kuharibika. Akawa anachelewa, hasemi na mtu, wazazi wanamwogopa. Mhudumu mmoja mtu mzima akanivuta pembeni: "Mwanangu, umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Kumbe ilikuwa wiki yake ya tatu ya usiku, zamu amebadilishiwa bila kuambiwa, na usiku ule alikuwa peke yake na wazazi saba.

Mwaka 2002, mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa yeye kutoridhika na kazi ulipanda kwa asilimia 15, na uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mzigo ni ule ule, unamvunja muuguzi na unamfika mgonjwa. Ndiyo maana sipendi kusikia muuguzi aliyechoka akiambiwa uuguzi ni wito.

Wenzangu mnaosimamia wodi, mshahara hauko mikononi mwetu, ratiba iko. Yangu naibandika siku kumi kabla ya mwezi kuanza, na pembeni pana daftari la maombi: mwenye harusi, mwenye mtoto mgonjwa, aandike. Nilimhamisha mtu mmoja kutoka mchana ili usiku wawe wawili. Mchana tunabanana, tunavumiliana. Glavu nahesabu mwenyewe kabla sijaondoka. Na kosa sasa nalisemea ofisini, mlango umefungwa.

Yule dada nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomgombea mbele yao. Baada ya miezi miwili nikashika patografu yake nyingine: 136, 142, 128, 144. Pahala pamoja pako wazi, na chini kaandika: "Nilikuwa na mzazi wa kitanda cha 4."