Maswali ya Wasomaji: Kuhara Kunakozidi Wiki Mbili

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, nina umri wa miaka 41. Hii ni wiki ya tano ninahara mara nne hadi sita kwa siku, na mara nyingine tumbo huniamsha usiku. Sioni damu, ila choo ni laini, kina povu na harufu kali, tumbo hujaa gesi, na nguo zimeanza kunipwaya. Nimenunua vidonge vya metronidazoli dukani mara tatu. Nikimeza siku mbili tatu napata nafuu, nikiacha hali inarudi. Majirani wanasema ni maji ya ziwa tu, nitazoea. Je, niende hospitali au nivumilie? – Msomaji, Kibirizi

JIBU: Marahaba, dada. Nenda, tena wiki hii. Kuhara, yaani kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, kwa kawaida hukoma kwenyewe kabla ya wiki kwisha, na mara nyingi kinachohitajika ni kurudisha maji mwilini tu. Kukifika siku 14, Shirika la Afya Duniani hukuhesabu kuwa kuhara kunakoendelea, na kwa mtu mzima kukipita wiki nne waganga hukuita kuhara sugu. Mipaka hiyo imewekwa kwa sababu orodha ya visababishi hubadilika kadiri siku zinavyopita. Chakula kilichochacha hakimsumbui mtu kwa wiki tano. Hata kipindupindu, ambacho wakazi wa mkoa wenu wanakikumbuka tangu kilipowakumba wakimbizi kutoka Burundi kule Kagunga mwaka 2015, huua kwa saa au siku chache kwa kukausha maji mwilini. Hakimwachi mtu akiuza dagaa huku akikonda polepole.

Kwa maelezo yako, wa kwanza ninayemshuku ni giadia, kijidudu kinachoishi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na kuzuia chakula kisifyonzwe vizuri, ndiyo maana choo huwa na povu na harufu kali, na mwili hukonda ingawa mtu anakula. Huenea kwa maji au mikono yenye uchafu wa kinyesi. Metronidazoli humtibu, lakini kwa kipimo kamili, kwa kawaida kwa siku tano hadi saba mfululizo. Ukiacha siku ya pili kwa kuwa umepata nafuu, wanaobaki huzaliana upya. Hata hivyo nisingependa uende dukani mara ya nne kununua dozi kamili kwa sababu ya maneno yangu haya, kwa kuwa ninashuku tu, sijakupima. Kipimo cha choo chenyewe kinahitaji uvumilivu: giadia haonekani katika kila choo, kwa hiyo majibu ya sampuli moja yakisema hakuna kitu, omba upimwe tena kwa sampuli za siku nyingine, hadi tatu.

Yako mambo mengine ambayo vidonge ulivyonunua haviyagusi kabisa. Kichocho cha tumbo kipo katika Ziwa Tanganyika, na mtu hukipata kwa kukanyaga au kuoga katika maji ya kina kifupi ukingoni, si kwa kuyanywa. Dawa yake ni prazikwanteli. Kifua kikuu kinaweza kushika utumbo. Virusi vya UKIMWI vinapodhoofisha kinga, kuhara kwa muda mrefu huku mtu akikonda ni mojawapo ya dalili zake zinazojulikana sana, na daktari akikushauri upime usidhani amekuhukumu: angemshauri hivyo mtu yeyote mwenye hali kama yako. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huharisha na kukondesha. Kisha zipo dawa zenyewe: metformini ya kisukari huwaharisha wengi, na antibiotiki zinazomezwa ovyo zinaweza kuua bakteria wema wa utumbo na kuacha wabaya watawale. Ndiyo maana ninakuomba ubebe pakiti za kila ulichomeza, pamoja na dawa za miti shamba, uziweke mezani kwa daktari.

Mweleze pia mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Je, choo huelea na kuacha mafuta, hasa ukila chakula chenye mawese mengi? Je, maziwa hukuzidishia? Utumbo uliochubuka hushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa, na mtu huendelea kuhara hata baada ya kijidudu kuondoka. Kuamshwa usiku ni taarifa muhimu mno, kwa sababu tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi tu kwa kawaida hulala mwenyewe anapolala. Anzia kituo cha afya chenye maabara; ikibidi watakupa rufaa kwenda hospitali ya Maweni.

Usingoje hata kesho ukiona damu au choo cheusi kama lami, homa kali, maumivu ya tumbo yasiyoachia, kutapika kila unachokunywa, kizunguzungu unaposimama, au mkojo ukipungua na kuwa wa rangi iliyokolea. Kwa sasa kunywa maji ya ORS (mchanganyiko wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini) kila baada ya choo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, katika lita hiyo hiyo. Endelea kula. Vidonge vya kufunga tumbo usivitumie kabla ya kupimwa, na ni hatari zaidi kukiwa na damu au homa. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, kwa kuwa klorini huua bakteria haraka lakini vijidudu vya jamii ya giadia huistahimili zaidi.

Kuhusu majirani: wanaoishi kando ya ziwa huugua magonjwa ya maji mara nyingi, hawayazoei.

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne anahara siku ya tisa. Bibi yake anasema nimwachishe ziwa ili tumbo lipumzike. – Mama, Kasulu

JIBU: Usimwachishe; mnyonyeshe zaidi ya kawaida, na uji na chakula chake viendelee. Mpe ORS, na kidonge cha zinki cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Siku tisa zinatosha kumpeleka zahanati apimwe uzito. Akiwa mlegevu, macho yamedidimia, hanywi, kuna damu chooni, au ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, mpeleke sasa hivi bila kusubiri asubuhi, na njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha anza tena taratibu.