Shangazi, nimechoka kunyweshwa kombe

*Shangazi, nimeolewa hapa Lamu na mtoto wa ami yangu. Baba zetu ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Huu ni mwaka wa tatu hatujapata mtoto. Mume wangu ana sistiki fibrosisi, iliyogunduliwa kwa kipimo cha jasho alipokuwa mdogo Uingereza. Mavyaa hasadiki kwamba maradhi ya kifua yanaweza kumzuia mwanamume kuzaa, na kila Alhamisi huniletea kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qurani, ninywe. Je, mimi ni tasa? – Mke wa Mkomani*

Mwanangu, sahani ile iliyoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, nawe ukiinywa huku mavyaa akikutazama mpaka tone la mwisho, imenikaa moyoni. Sikukatazi kombe, maana dua ni dua. Ninachokataa ni wewe kutwikwa utasa ambao hakuna daktari aliyeuthibitisha.

Maradhi ya mumeo hufanya ute wa mwili kuwa mzito, ndiyo sababu mapafu hutaabika. Lakini wanaume wenye maradhi haya, takriban 97 au 98 katika kila 100, hawana mirija ya kupitishia mbegu kutoka kwenye korodani. Nguvu zake za kiume hazina kasoro, na kwa kawaida mbegu hutengenezwa vizuri, ila zimekosa njia. Basi yeye ndiye wa kuanza, kwa kupimwa manii. Zisipoonekana mbegu, daktari anaweza kuzitoa kwa sindano kwenye korodani, kisha maabarani mbegu moja ikaingizwa ndani ya yai lako. Matibabu haya ni ghali, na huenda yakawafikisha Nairobi. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanayaruhusu, mradi mbegu ni za mume, yai ni la mke na ndoa ingalipo.

Hata hivyo, msitoe shilingi ya matibabu hayo kabla wewe hujapimwa damu, kwa sababu ya huo udugu wenu. Mtu huugua akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Mumeo anazo mbili, kwa hiyo kila mtoto wake atapokea moja. Ami yako, aliyemzaa, anabeba moja. Baba yako ana uwezekano wa nusu kuibeba, nawe robo. Ikiwa huibebi, watoto wenu hawataugua, watabeba tu. Ikiwa unaibeba, kila mimba itakuwa nusu kwa nusu, mtoto augue au abebe tu. Chukua majibu ya jeni za mumeo uende nayo maabara, kwani vipimo vingi vilitungwa kwa kufuata hitilafu zinazopatikana zaidi kwa Wazungu, na ile ya ukoo wenu yaweza kupitwa.

Kuhusu mavyaa, usimweleze wewe. Mwombe mumeo akae na mamake kabla ya Alhamisi ijayo, amwambie kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye atakayeanza kupimwa.